Msimu Nilioipiga Picha Nyumba ya Mama

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua kamera. Nimeiandika sentensi hiyo na kuisoma mara mbili, maana nina miaka arobaini na moja na sijawahi kununua kitu kisichovaliwa, kisicholaliwa wala kupikiwa. Ni kamera ya wanaoanza, imeshatumika, mkanda wake umechakaa, lakini kioo ni safi. Kioo nakijua. Miaka kumi na nne nakata na kupachika vioo vya miwani ya watu. Mtu hawezi kunidanganya kwenye kioo.

Mama aliishika, akaizungusha mikononi kwa sababu macho hayamsaidii tena, akauliza, "Ya kazi gani?"

"Ya kupiga picha."

"Za nani?"

"Za wadudu, mama."

"Haya," akasema, kwa ile sauti aliyoitumia tulipokuwa watoto tukimwambia tumeona jini chooni.

Daftari hili ni la kuandika kila picha nilivyoipiga. Nimeona watu makini hufanya hivyo. Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa alasiri.

Jumanne, 4 Machi

Buibui ukutani bafuni. Picha ishirini na tatu. Kwenye zote anaonekana kama doa la wino. Nikimsogelea, lenzi inakataa, inakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Jumamosi, 8 Machi

Mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, kuna Fundi wa kamera. Mzee mrefu, mkavu, anaongea kama anayelipishwa kwa kila neno. Nilimwambia nataka lenzi mbili za bei nafuu, moja ya vitu vidogo kwa karibu, nyingine ya kuona mahali pote kwa upana.

"Umeshapiga picha ngapi na hiyo uliyonayo?"

"Kama mia."

"Rudi ukifikisha elfu moja."

"Nimekuja na pesa, Fundi."

"Pesa haiozi. Lenzi huota kuvu."

Hata hivyo alinisogezea kiti, akanieleza. Lenzi ya wadudu isiwe fupi, maana itabidi nimsogelee mdudu mpaka nimtie kivuli, naye atakimbia. Nitafute ya milimita tisini au mia, na ikiwa ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, ni bora zaidi, kwa sababu kwa vitu vidogo hata wenye lenzi za kisasa huzungusha kwa mkono. Ya upana nitafute inayoanzia kumi au kumi na moja. Hii niliyonayo inaanzia kumi na nane, na kamera za wanaoanza zina kihisi kidogo, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, nacho kinakata pembeni, kwa hiyo chumba hakiingii chote. Nisihangaike na lenzi ghali zinazoona gizani. "Chumba hakikimbii," alisema. "Weka kamera kwenye stendi, subiri."

Kwa mfuko wangu, msimu huu ni lenzi moja. Nilishuka ngazi nikiwaza kwamba huyu mzee ananizungusha ili aje aniuzie ghali. Nimeshawaona wengi wa namna yake.

Nimeamua, ni ya wadudu.

Jumapili, 9 Machi

Dada amekuja. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, karani wa kampuni ya bima, na anakuja Jumapili moja kila mwezi akiwa na mfuko wa matunda na haraka. Leo hakuwa na haraka. Alikaa jikoni nami, akaipenda kamera, akataka nimwonyeshe kila kitufe.

Nilipomwambia habari ya lenzi, alifikiri kidogo. "Mdogo wangu, buibui watakuwepo mwaka kesho. Nyumba hii je? Paa linavuja, kuta zina nyufa. Hatuna hata picha moja ya vyumba vyetu. Kile tulicholala mimi na wewe, wewe unakikumbuka kwa sababu unakiona kila siku. Mimi nimeanza kukisahau."

Alisema hivyo huku akifuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari. Nilimwonea huruma.

"Basi nitanunua ya upana kwanza," nikasema.

"Siku ukipiga, niite. Nitakuja nikusaidie kuhamisha viti."

Kabla ya kuondoka alikaa na mama chumbani, mlango umefungwa, kwa muda mrefu. Nilifurahi. Huwa anamuaga mama akiwa amesimama.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Wateja wawili tu dukani, mmoja alikuja kujikinga.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi alinipangia mezani lenzi tatu za upana zilizokwishatumika. Ya kwanza aliimulika kwa tochi kutoka nyuma, akaniita nitazame. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, kama mizizi. Kuvu. Ya pili ilizunguka kwa mkwaruzo, mchanga umeingia. Ya tatu ilikuwa ya plastiki, nyepesi, inaanzia kumi, haioni gizani, pete yake imelegea kidogo.

"Chukua hii. Mbaya kwa sura tu."

Nilitaka ile ya kwanza, kwa sababu ilikuwa ya chuma na ilionekana ya watu wazima. Akaifunika kwa kitambaa.

"Hiyo siiuzi."

"Mbona umeiweka mezani?"

"Ili uone kuvu."

Akaniambia jambo moja zaidi nisilisahau. Lenzi pana inavuta kona. Kitu kilicho karibu kinakuwa kikubwa, kilicho mbali kinakimbia. Nisiwapige watu pembeni mwa picha, watachukia nyuso zao. "Na vyumba?" nikauliza. "Vyumba vinapenda," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Siku nzuri kuliko zote nilizokaa na Dada tangu aolewe.

Alikuja saa mbili asubuhi na viatu vya kazi. Tulianza na sebule. Nilikuwa nataka kuiacha kama ilivyo, na kiti cha mama na redio yake na kapu la sufi, lakini Dada alisema picha itakuwa na fujo. Tulitoa vitu. Tukafungua mapazia. Tuliiweka stendi kwenye kona kabisa, mgongo wangu umebanwa na kabati, na nilipotazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera nilishtuka. Sebule yetu, ambayo watu wanne wakiketi magoti yanagusana, ilikuwa ukumbi.

"Mama wee," Dada akasema begani kwangu. "Tumekulia ikulu na hatukujua."

Tulicheka mpaka nikagonga stendi. Tukapiga chumba cha mama, changu, jikoni, ukumbi mdogo, ua. Kwenye chumba tulicholala utotoni Dada alijilaza sakafuni akanionyesha mahali alipokuwa akificha barua za shemeji kabla hajawa shemeji. Nami nikajilaza. Mvua ilikuwa inapiga bati na hatukusema kitu kwa dakika nyingi.

Mama alikaa ua wa nyuma chini ya kibaraza muda wote. Nilipomwita aje akae kwenye kiti chake nimpige, alisema hana nguo ya kupigia picha.

Picha za kukumbuka: ya sebule kutoka kona ya kabati, ndoo ya kukinga mvua imebaki upande wa kushoto, sikuiona.

Jumatano, 19 Machi

Nimemtumia Dada picha zote kumi na nne. Amejibu, "Una kipaji, mdogo wangu." Nimeisoma kazini zaidi ya mara moja.

Jumatatu, 24 Machi

Mama ana jambo. Nilipotoka chumbani asubuhi kwenda kazini alikuwa ameketi sebuleni gizani. Akasema, "Bado upo?"

"Nipo, mama. Saa moja bado."

Akatikisa kichwa.

Jumapili, 30 Machi

"Bado upo?" tena. Ni mara ya nne wiki hii. Nadhani ni macho. Mtoto wa jicho amefunika la kulia lote na la kushoto nusu, na mtu asiyeona huuliza ili ajue nani yuko wapi.

Lakini pia ameanza kuosha sahani yake mwenyewe. Nikimtengea maji ya kuoga anasema ningemwachia, atazoea. Leo nilimkuta anahesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni, kwa sauti ya chini, mkono ukutani. Nikamshika. Akautoa mkono wangu taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichoazima.

"Niache nijifunze," akasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikuwa na pesa ya lenzi ya pili, nikaenda kwa Fundi kumwambia tu. Alinitolea boksi la lenzi za kamera za filamu, akachagua ya hamsini, fupi, ya zamani, ambayo hakuna anayeitaka. Akaigeuza nyuma mbele na kuipachika kwenye kamera yangu kwa pete ndogo ya bati. Pete na lenzi kwa pamoja zilikuwa bei ya viatu vya mvua.

"Hii ni akili ya maskini," akasema. "Inakaribia sana, haina kurekebisha, unaenda mbele na nyuma kwa kichwa chako. Mdudu anayetembea humpati. Mpige asubuhi, akiwa na baridi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, siku nilipokuja na pesa.

"Siku ile ulitaka kununua," alisema. "Leo umetaka kupiga."

Nilimdhania vibaya. Naandika hapa kwa kuwa sikumwambia.

Mchana kumbikumbi walimiminika uani baada ya mvua. Nilimpata mmoja aliyechoka juu ya jiwe. Bawa lake lina mishipa kama jani. Nimepiga picha themanini, tatu zimetoka.

Jumapili, 6 Aprili

Nimelipiga picha jicho la mama. Nilimwomba nikidhani atakataa. Alikaa dirishani, akainua uso, mimi nikakaribia mpaka pumzi zetu zikachanganyika. Kwenye picha, katikati ya jicho kuna kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, na kukizunguka rangi ya kahawia yenye mistari elfu. Sikujua jicho la mama lina rangi ya namna hiyo. Nimemtazama maisha yangu yote.

"Ya kukumbukia?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema, bila kufikiri.

Machozi yakamtoka. Nilifikiri ni mwanga.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua siku nne. Ndoo tatu sebuleni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Saa nne alikuja mteja kuchukua miwani ya kusomea niliyomtengenezea wiki iliyopita. Bwana wa makamo, mpole, mkandarasi wa mabomba. Nilimvalisha, nikaikaza nyuma ya masikio, nikamwambia asome chochote kwenye simu yake aone kama inamfaa.

Akatoa simu. Akatabasamu. "Ndiyo hii sasa. Naona mpaka kitasa cha mlango." Akanigeuzia nione naye. "Nyumba. Naenda kuitazama Jumamosi. Tazama sebule hiyo, dada, siku hizi hazijengwi hivi."

Ilikuwa sebule yetu. Kutoka kona ya kabati. Upande wa kushoto, ndoo.

Nilimwomba simu, nikamwambia nataka kuangalia kama maandishi ni madogo sana. Nikapitisha picha kwa kidole. Chumba cha mama. Jikoni. Changu, na kitanda changu nilichokitandika mwenyewe asubuhi ile. Zote kumi na nne, kwa mpangilio niliotuma. Chini iliandikwa kwamba nyumba ni ya familia, mwenyewe anahama, iko tayari. Namba ya simu niliijua kwa moyo.

"Maandishi yanasomeka?" mteja akauliza.

"Yanasomeka vizuri," nikasema.

Nilimfutia miwani, nikamtilia kwenye kasha, nikampa risiti. Kisha nikaingia nyuma kwenye mashine ya kukatia vioo, nikaiwasha bila kioo ili isikike inafanya kazi.

Kilichoniuma kwanza hakikuwa nyumba. Nilikumbuka Dada alivyojilaza sakafuni. Najiuliza alipokuwa amelala pale, kimya, mvua inapiga, alikuwa ananiwazia nini.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempigia Dada nikiwa nje ya duka.

"Umeona," akasema. Hakuuliza nimeona nini.

"Nimeona picha zangu."

"Nilitaka kukuambia mambo yakikaa sawa."

"Mama anajua?"

"Mama amekubali tangu mwezi wa tatu. Muulize mwenyewe kama unadhani nasema uongo."

Sikumuuliza. Nilirudi nyumbani, mama akasema, "Bado upo?" na kwa mara ya kwanza nikalisikia lile swali jinsi lilivyo. Anangoja niondoke. Wamekaa wawili, mlango umefungwa, wakapanga, na mimi nilifurahi kwamba Dada amekaa na mama.

Miaka kumi na moja nimemwogesha, nimempaka dawa, nimemsomea barua. Sikutaka shukrani. Nilitaka niambiwe.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempa mama chakula. Hatujaongea.

Alhamisi, 17 Aprili

Hivyo hivyo.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua ilikatika alfajiri. Saa tano Dada alikuja na yule mteja wa mabomba. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa makusudi, na vitu vyote nilivirudisha mahali pake, kiti, redio, kapu la sufi, ndoo tatu.

Mteja alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa miwani yangu.

"Hii ndiyo sebule?"

"Ndiyo, karibu," Dada akasema.

Akatoa simu, akaiinua mbele ya uso, akaitazama, akatazama chumba. Alifanya hivyo mara tatu. "Kwenye picha hapa mtu anaweza kuchezea mpira."

"Ni lenzi," nikasema. "Inavuta kona. Nilipiga mimi."

Ndipo aliponitambua. Alitutazama mimi na Dada, akaona tunavyofanana, na nadhani akaelewa zaidi ya tulivyomweleza. Alikuwa mtu wa heshima. Alizunguka vyumba vyote, akagonga ukuta mmoja wa jikoni kwa kidole, akamuaga mama kwanza, kisha sisi. Alisema atafikiria, kwa namna ambayo watu husema wakiwa wamemaliza kufikiria.

Dada alisubiri mpaka geti lilipofungwa. "Umefurahi sasa?"

"Nimemjibu alichouliza."

"Ulivirudisha vitu vyote ili paonekane pabaya."

"Nimeviweka vinapokaa."

"Acheni," mama akasema. Alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini. "Msigombane kwa ajili yangu. Kama anaondoka, aondoke kwa amani."

"Nani anaondoka, mama?" nikauliza.

"Wewe."

Nilimtazama Dada. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Naenda wapi?"

Mama akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Mwanangu, usione haya. Dada yako alinieleza. Umechoka, na ni haki yako kuchoka. Umepata pako pa kwenda, ila unashindwa kuniambia. Akaniomba nisikuulize, nisije nikakutia aibu. Nikasema basi nyumba iuzwe, kila mtu apate chake, mimi nihamie kwake. Kila asubuhi nikisikia mlango wako nadhani ndiyo siku."

Nilisogea karibu na kiti chake.

"Kamera," mama akaendelea, polepole, kama anayenisaidia. "Alisema umeanza kununua vitu vyako. Na zile picha za vyumba, alisema unapiga za kuondoka nazo. Ukaja ukapiga na jicho langu."

Kila nilichofanya tangu mwezi wa tatu kilikuwa kimeshatafsiriwa kabla hakijamfikia.

"Mama, sijawahi kusema nimechoka. Kwa mtu yeyote. Sina pa kwenda na sikutafuta."

Mama aligeukia upande wa Dada. Kisha akasema, "Mkubwa wangu." Hivyo ndivyo anavyomwita Dada tangu utoto. "Ni kweli asemavyo?"

Dada hakulia. Ningemwelewa zaidi kama angelia. Alisema, "Miaka kumi na moja yuko hapa. Funguo ziko kwake, chumba cha marehemu baba kiko kwake, hata majirani wakiitaja nyumba wanasema ni kwake. Siku ukifumba macho, nani atamtoa? Mimi nitakuwa mgeni nikibisha hodi kwenye nyumba niliyozaliwa."

"Ungeniambia hivyo," nikasema.

"Ungenijibu nini?"

"Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua."

Mama akauliza, "Na mimi ningelala chumba kipi kwako?"

"Tungepanga, mama."

"Mume wako anajua nakuja?"

Dada akaangalia dirishani.

"Nimeuliza kama mume wako anajua."

"Nilikuwa bado sijamwambia."

Mama alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaishika redio, akaifungua. Ilikuwa habari za hali ya hewa. Tuliisikiliza yote sisi watatu, mvua itapungua, upepo wa wastani. Ilipokwisha akasema, "Nyumba haiuzwi. Nenda nyumbani, mwanangu. Ukitaka kurudi, rudi ukiwa na mume wako, useme mbele yake."

Dada alisimama. Mlangoni alinigeukia. Nilidhani atasema samahani, na nilijiandaa kutoipokea.

"Zile picha nilizipenda kweli," alisema. "Hilo halikuwa uongo."

Nimelifikiria jioni yote na sijui la kulifanya.

Alhamisi, 24 Aprili

Tangazo limeondolewa. Nimetazama mara tano.

Jumamosi, 3 Mei

Nilimpelekea Fundi lenzi pana nikamwambia anitafutie mtu wa kuinunua. Aliimulika kwa tochi kwa mazoea.

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Basi?"

Nikamweleza. Sikukusudia kumweleza mtu, tena mtu wa juu ya duka la viatu, lakini alikuwa ameshika bisibisi na hakunitazama, ikawa rahisi. Nilimaliza kwa kusema kwamba mimi ni mtu wa vioo na nimedanganywa kwa kioo changu mwenyewe.

"Kioo hakikukudanganya," alisema. "Ulijua kinavuta kona. Nilikuambia." Akaifunga kifuniko, akanirudishia. "Siiuzi leo. Ukiwa bado unataka mwezi wa saba, ilete."

Jumatano, 14 Mei

Mama amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Dakika ishirini. Mimi ndiye niliyetia saini, mimi ndiye niliyemngoja. Dada alituma ujumbe: "Mama anaendeleaje?" Nikajibu, "Vizuri." Shemeji alikuja hospitali peke yake, akakaa nusu saa, akasema hakujua lolote. Namwamini. Hakuweza kunitazama usoni.

Jumapili, 18 Mei

Bandeji imetolewa. Mama alinitazama kwa muda, akasema nimekonda na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nilimwambia zimeanza miaka mitatu iliyopita.

Nilikuwa nimejiahidi nitamngojea mpaka aone ndipo nimuulize. Nikamuuliza.

"Mama, kwa nini hukuniuliza? Nililala chumba cha pili. Ulinipa mgongo wako nikuoshe kila siku, huku ukidhani nimekuchoka?"

Alijikuna kiganja. "Niliogopa utasema ndiyo."

"Na ukaamini."

"Ningekuwa wewe, ningekuwa nimechoka. Nikaona lina akili."

Ni jibu la kweli, na limenikata kuliko la Dada. Dada alitunga. Mama alisikia akaona linanifaa.

Jumatano, 21 Mei

Jua. Konokono ukutani bafuni, amekauka.

Jumapili, 25 Mei

Dada na shemeji walikuja. Alisema mbele ya mumewe, yote, kwa sauti ya kusoma taarifa. Mama alimsamehe. Ni haki yake, yeye ndiye mama. Mimi nilitengeneza chai. Dada aliponifuata jikoni nilimwambia bado, na sijui ni mpaka lini, na asinisukume. Alisema sawa. Alifuta vikombe, tukarudi sebuleni.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekwisha. Nimewaza wiki nzima na leo nimesema.

Mama alikuwa kibarazani anachambua nguo zangu zilizokauka, anatafuta vifungo vilivyolegea, kazi aliyoirudia kwa pupa tangu aone.

"Mama, mwezi ujao nahama."

Mikono ilisimama. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nasema mwenyewe."

"Ni kwa sababu ya dada yako."

"Na kwa sababu yako pia."

Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. Nilikaa nikamwacha. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitalainika nikiona uso wake, na nililainika, lakini sikurudi nyuma.

"Ni mbali?"

"Mitaa miwili. Nimepata chumba nyuma ya duka la mbao. Nitakuja kila jioni. Siku nisiyoweza nitakupigia nikuambie siwezi. Na ukisikia neno lolote juu yangu, uniulize mimi."

"Hata kama naogopa jibu?"

"Hapo ndipo uniulize."

Akafikiri. "Nitakuuliza," akasema. Kisha akavaa viatu. "Twende nikakione."

Alitembea mwenyewe, bila mkono wangu, akisimama kusoma kila kibao njiani kwa sauti, cha kinyozi, cha mbao, cha mtu anayeuza mitungi ya gesi. Mimi nilimfuata nyuma hatua moja. Chumbani alizungusha ufunguo mara mbili, akafungua dirisha, akanusa ukuta.

"Huu una unyevu. Mwenye nyumba apake chokaa kabla hujamlipa."

"Nitamwambia."

"Na kitanda usikiweke chini ya dirisha, utaumwa kifua."

"Sawa, mama."

Akasimama katikati ya chumba kitupu, mikono kiunoni, akitazama huku na huku kwa lile jicho jipya. Mwishowe akaonyesha kona iliyo karibu na mlango, yenye mwanga.

"Hapo weka kiti," akasema. "Nikija nitakaa hapo."

Nimefungua ukurasa mpya kuandika vitu vya kununua. Nimeanza na kiti.